Jibu: Mdaiwa kwenye kesi yangu ya fidia anataka nipimwe upya na daktari wake, pamoja na akili. Nikatae?

Mkuu, umesema PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) na ripoti ya hospitali tayari ziko mahakamani, sasa upimwe tena ya nini. Hata mimi yalinikuta, hapa Mtwara, baada ya lori kuigonga bodaboda niliyopanda. Usigome. Bishania masharti.

PF3 inaonesha uliumia nini siku ile. Haielezi leo umebaki na ulemavu kiasi gani, na fidia inabishaniwa hapo. Wakili wa upande wa pili alikuja na kesi ya Uingereza ya 1969, Edmeades, ambako mahakama ilisimamisha shauri mpaka mdai akubali kupimwa. Wakili wangu hakupoteza muda na hilo. Alibishania mahali (walitaka Dar, na kiuno changu safari ya basi kisingeiweza), gharama, na nani apate nakala ya ripoti. Hakimu akaamuru nipimwe hapahapa, mdaiwa alipe, nakala kwa pande zote.

Kwenye akili, kaisome upya hati yako ya madai. Kama umedai mguu tu, wakili wako ana pa kusimamia. Marekani wana Kanuni ya 35 ya mwenendo wa madai kwa mahakama za shirikisho: hali hiyo iwe inabishaniwa kwenye kesi, na mwombaji aoneshe sababu ya maana. Mwaka 1964, katika Schlagenhauf dhidi ya Holder, Mahakama ya Juu ya huko ilitengua amri ya kumpima dereva wa basi, aliyekuwa mdaiwa, kuanzia macho hadi akili. Ila hukumu hiyohiyo inasema mdai anayedai kaumia, mwili au akili, kalileta suala hilo mwenyewe. Kwa hiyo ule mstari wa "mateso ya kisaikolojia", ambao mawakili wetu wanautia kwenye kila hati kama chumvi, ndio unaokupeleka kwa mtaalamu wa akili. Kwangu ulikuwepo, nikaenda. Aliuliza usingizi, pombe, na nilivyokuwa kabla ya ajali. Usifiche ya zamani. Faili lako la hospitali linaweza kuitwa mahakamani.

Halafu elewa kwamba yule si daktari wako. Hakutibu, na unayomwambia yanaingia kwenye ripoti. Wangu alianza kuniangalia tangu navua viatu. Niliyakuta kwenye ripoti. Akauliza kama naweza kubeba bomba la kupulizia salfa kwenye mikorosho. Nikamjibu nabeba, ila baada ya mikorosho michache kiuno kinagoma. Usikuze, wala usijikaze. Wanaume wa huku hata ukiwa hoi unajibu "niko fiti", na ataandika hivyohivyo.

Ripoti ikiwa mbaya, maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu. Daktari aitwe ahojiwe. Wangu aliulizwa kama aliziona eksirei za siku ya ajali, akakiri hakupewa. Zako peleka zote, na anayezipokea asaini.