Barua kwa mwanangu: kuoka kunasaidia, ila usiuze kwanza

Mama yangu, salaam nyingi kutoka Tanga.

Voisi yako niliisikia jana usiku, leo asubuhi nikairudia maana mwanzoni kulikuwa na makelele ya daladala. Unasema mwenzako wa kazini anakushauri uanze kuoka vitu nyumbani itakupunguzia stresi, sasa unaniuliza mimi niliyekaa bekari miaka yote ile, ni kweli au ni mambo ya Instagram tu. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu voisi nikianza sijui kukata, halafu mama yako anapita nyuma anachomekea ya kwake.

Inasaidia, ni kweli. Lakini kuna jambo huyo mwenzako hawezi kulijua. Kule bekari tulikuwa tunaingia saa nane za usiku ili alfajiri wale vijana wa baiskeli wakija na masanduku yao wakute mkate umeshapoa, na sijawahi kuona mtu pale ametulia roho kwa sababu amekanda unga. Watu walikuwa wanagombania trei! Unga uleule, hamira ileile, harufu ileile inayomsimamisha mpita njia, sisi ndani macho yetu yapo kwenye saa ya ukutani. Raha ya kuoka nimekuja kuijua baada ya kustaafu, hapa nyumbani, naoka skonzi zangu na hakuna mtu anayezisubiri na hela mkononi.

Anza na mikono. We kutwa nzima una hedifoni kichwani, wateja wanakufokea kwa mambo ambayo hata hukuyafanya, jioni ukifika unahamia kwenye simu mpaka usingizi ukukute au usikukute. Ukishatia mikono kwenye unga simu imekushinda, ilie isilie huwezi kuishika, vidole vimejaa. Mwanzoni unanata, unakera, na hapo ndipo wengi wanaongeza unga mkavu halafu wanashangaa mkate umetoka mgumu. Usiongeze. Sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha, sukuma tena, kwenye dakika kumi hivi utaona unaachia bakuli, unaachia vidole, unakuwa laini kama ndewe ya sikio, ukiubonyeza unarudi. Nikuulize saa hiyo ulikuwa unawaza nini hutaweza kunijibu, na ndo maana yangu hiyo.

Halafu unafunika na kitambaa unasubiri. Hamira ina uhai bana, ni kuvu, inakula sukari inatoa hewa, hiyo hewa ndo inaumua unga. Ukiipa maji ya moto sana inakufa, ukiipa ya vuguvugu inafanya kazi kwa muda wake na hakuna meneja wa kuiharakisha. Kwa joto la Dar saa moja linatosha sana. Oga, kunja nguo, kaa tu.

Mdogo wako juzi alinisomea utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand, ulitoka 2016, walichukua vijana 658 wakawa wanaandika kila siku kwa siku 13 wamefanya nini na wanajisikiaje. Ikaonekana siku wakijishughulisha na kubuni kitu, iwe kufuma, kuchora, kujaribu mapishi mapya, kesho yake wanaamka na uchangamfu zaidi. Na kinyume chake hakikuonekana, yaani kuwa na furaha leo hakukuwafanya wabuni zaidi kesho. Kwa hiyo usisubiri uwe na mudi ndo uoke. Haikuwa kuhusu mikate peke yake lakini mimi sikushangaa hata kidogo. Ila na wewe unisikie, hiyo habari ya kutolala na moyo kwenda mbio uliyoitaja kwa kupita, ikiendelea nenda kamuone daktari, skonzi hazitibu hiyo.

Sasa lile ninalokuombea usilifanye. Utaoka mara ya kwanza, utaweka status, na haohao mashoga zako wataanza, shosti unauza bei gani, shosti si ungefungua kabiashara. Sisi Watanzania tukiona mtu anafurahia kitu tunamtafutia mtaji. Mara umepokea oda ya keki ya besdei ya mtoto wa mtu, anaitaka Jumamosi saa nne, anataka zambarau lakini siyo zambarau hiyo, advansi hajatuma, Ijumaa usiku umeme umekatika na we umesimama jikoni na tochi ya simu. Hapo umeshaingia zamu ya saa nane kama baba yako. Biashara sio mbaya, nyinyi wote mmesoma kwa mkate, ila ukianza kuuza ujue umeongeza kazi ya pili, ile ya kupumzikia utafute nyingine.

We gawa. Unga nusu kilo unatoa skonzi kama kumi na mbili, peke yako utazila lini, na sukari nayo? Weka tatu nne kwenye sahani gonga mlango wa pili. Umekaa hapo Tabata tangu mwaka jana na jirani hata jina humjui, kusema kweli hilo linanisumbua kuliko hao wateja wako. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, huko sijui, lakini hata ikirudi tupu mtu atakuwa amekuja mlangoni kwako mmesalimiana.

Vipimo: unga nusu kilo, hamira vijiko viwili vya chai, sukari vinne vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi kidogo, iliki ukipenda, maziwa ya vuguvugu kikombe kimoja na kidogo, yatie polepole. Huna oveni, sawa, chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu chini, funika upashe moto kwanza, halafu weka chombo chako juu ya mchanga, moto wa gesi mdogo kabisa. Juu hazitabadilika rangi vizuri, kwa hiyo zikishaiva zipindue kidogo kwenye kikaango cha chapati. Na angalia tarehe ya hamira kabla hujanunua, vipakti vya dukani vingine vimekaa mno.

Ukikwama nipigie, ila Jumapili jioni sishiki simu, kuna mpira.

Mama yako anasema sinia yake ya bati uliondoka nayo Idi, anaitaka.

Baba