Owen na Port Reitz ya Mombasa

Uliuliza kama Port Reitz, mkono wa bahari pale Mombasa, ilipewa jina la kamanda wa Waingereza waliopima pwani hii. Hapana ndugu, haikupewa jina la kamanda mwenyewe, bali la luteni wake, Reitz. Kamanda alikuwa William Fitzwilliam Owen, mzaliwa wa Manchester, 1774. Aliingia jeshi la majini angali mtoto, na 1808 Wafaransa wakamkamata na kumfunga Mauritius hadi 1810. Baadaye alipima Maziwa Makuu ya Kanada.

Kazi iliyomjengea jina ni ya 1821 hadi 1826, kupima pwani ya Afrika kwa meli Leven na Barracouta. Mabaharia walishuka kwenye mashua kupima kina kwa timazi, wakiingia hadi midomo ya mito, na homa ikawaua wengi mno. Kwangu mimi hao ndio wa kukumbukwa kwanza.

Februari 1824 Owen alifika Mombasa, akakuta Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, wanaomwogopa Seyyid Said, mtawala wa Omani, wameshapandisha bendera ya Uingereza. Akawapa ulinzi bila idhini ya London, kwa sharti biashara ya watumwa ikome. Akamwacha Luteni Reitz kama gavana. Malaria ikamuua Reitz baada ya miezi michache. Mwaka 1826 Uingereza ikajitoa.