Kusikiliza muziki wa mbali ukiwa Dar: anza na masikio uliyonayo

Mkuu mleta uzi, umeuliza ufanyeje ili uuelewe muziki wa Kiarabu, wa Kihindi na ule wa klasiki wa Ulaya, maana umepakua orodha ya "kazi 100 bora za dunia" na kila ukiiwasha usingizi unakupitia. Waliotangulia kuchangia wamekushauri usome historia. Itakufaa, ila baadaye. Kwanza futa hiyo orodha. Vipande mia ukivisikia mara moja moja, sikio halibaki na kitu. Kipande kimoja cha dakika sita ukikirudia wiki nzima, kila mara ukiwa na kazi moja tu ya kufuatilia, hapo linaanza kushika. Na usianzie mbali. Mtu aliyekulia Dar ana taarab, dansi, kwaya na ngoma sikioni tayari, na kila kimojawapo kinakupeleka mahali.

Kabla ya yote, kifaa. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti nzito hivyo. Ukisikiliza bendi za dansi kama Msondo au Sikinde kwa spika ya simu, besi karibu yote imepotea, kisha unasema wimbo umepwaya. Hedifoni za waya za bei ya chini pale Kariakoo zinatosha kabisa.

Mlango mpana kuliko yote ni taarab asilia, siyo ya mipasho. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1905, ina rekodi nyingi mtandaoni. Tafuta bashraf, yaani kile kipande cha vyombo vitupu kinachofungulia shughuli. Umbo lake limetoka kwa Waturuki, likaja kwetu kupitia Misri: kuna sehemu nne ziitwazo khana, na baada ya kila khana kinarudi kipande kilekile kiitwacho taslim. Mara ya kwanza kazi yako ni kunyanyua kidole kila taslim inaporudi, basi. Mara ya pili fuata ganuni peke yake, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa na kudonolewa. Mara ya tatu fuata fidla, usikie jinsi wote wanavyopiga wimbo mmoja lakini kila mmoja anaunakshi kivyake. Humo huna haja ya kutafuta kodi (chords), yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Anayetafuta kodi ndiye anayesema muziki huu mtupu, kwa sababu anasikiliza kitu ambacho hakikuwekwa.

Halafu kuna suala la sauti zilizo katikati. Kinanda cha kawaida kimegawanywa nusu toni 12, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti). Piga do pamoja na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni: senti 300. Piga do na mi: 400. Sasa sauti ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu), inakaa karibu na 350, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Sikio lililolelewa na kinanda litadai mwimbaji kapotea tuni. Hakupotea. Dawa ni kuimba mwenyewe: shika do, panda polepole hadi pale, kaa hapo, shuka. Waliopitia madrasa wana faida kubwa, kwa sababu mahadhi ya kisomo yanatumia Rast, Bayati na Hijazi hizohizo (sisemi kisomo ni muziki, ugomvi huo tusiulete hapa). Wala msidhani ni mambo ya Waarabu tu. Msikilizeni marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na ilimba yake (chombo cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba). Tuni ya Wagogo inafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unaotetema, na ya saba kati ya hizo iko senti 31 chini ya si bemoli ya kinanda ukihesabu uzi kuwa do. Ndiyo maana ukijaribu kumfuatisha Zawose kwa kinanda inakuwa kero.

Bashraf ikishakaa, nenda kwa Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri. Onyo: wimbo mmoja waweza kufika saa nzima, na mstari mmoja ukarudiwa mara nyingi. Anayesubiri wimbo "uendelee" atachoka. Kila anaporudia, sikiliza alichobadilisha na jinsi ukumbi unavyopokea. Aliyewahi kuona watu wakinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji wa taarab ataelewa haraka kuliko profesa wa Ulaya.

Dansi inakupeleka Kuba. Miaka ya 1930 santuri za Kikuba zenye alama ya GV, zilizotolewa na kampuni ya HMV, zilienea Afrika, na Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, zama hizohizo. Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo sawa, piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ndiyo klave, mapigo yanayoongoza son, mtindo wa muziki wa Kuba. Iweke mwilini kwanza, ndipo ufungue rekodi ya son ya zamani. Bila hivyo utaona wapigaji wanagongana. Kisha rudi kwenye dansi la nyumbani na ufuate gitaa la ridhim toka mwanzo mpaka kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka. Wengi husikiliza solo na mwimbaji tu, na kazi nzito iko kwa ridhim na sekondi solo.

Kwa Wahindi, kosa la kila mgeni ni kuruka mwanzo. Alap, sehemu ya kufungulia, haina mapigo na tabla (ngoma mbili za mkono) imenyamaza, hivyo mtu hudhani bado wanatuni. Kinyume chake pia kilishatokea: Agosti 1971 huko New York, kwenye tamasha la kuichangia Bangladesh, watu walimpigia makofi mpiga sitar Ravi Shankar na wenzake wakati kweli walikuwa wanatuni. Alap ndiyo inayokutambulisha raga, yaani mpangilio wa sauti ambao kipande kimejengwa juu yake, sauti moja baada ya nyingine. Tabla ikiingia, tafuta kipande cha tintal, mzunguko wa mapigo 16, nne nne. Kofi kwenye 1, 5 na 13. Kwenye 9 geuza kiganja juu bila kupiga. Kuanzia hapo kwenye 9 utasikia ngoma nzito ya mkono wa pili inapungua, sauti inakuwa nyepesi, halafu uzito unarudi kuelekea 1. Ukipotea, jishikize hapo.

Wanakwaya, ninyi Bach mnaye tayari. Mtunzi huyo wa Kijerumani aliacha koral (nyimbo za kanisani) za sauti nne zaidi ya 300, na anayesoma do-re-mi za kwaya atazifuata. Acha sauti ya kwanza, fuata besi. Baadaye nenda kwenye fuga yenye sauti nne, ambamo sauti huingia moja moja na wimbo uleule, na uhesabu wimbo unapoingia: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Simfonia ziachwe mpaka hapo, tena uanze na sehemu ya kwanza tu ya simfonia ya mtunzi Haydn. Shika do ya mwanzo kwa kuiguna mdomoni, na utasikia muziki unavyoihama kwenda so, unavyotangatanga, kisha unavyorudi nyumbani. Opera ya saa tatu siyo mahali pa kuanzia, hata wakikuambia ndiyo kilele.

Rekodi za kale zina masharti yake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba kama dakika tatu. Kwa hiyo usidhani hivyo ndivyo nyimbo zilivyokuwa fupi barazani. Rekodi za kabla ya 1925 zilinaswa kwa pembe ya kukusanya sauti bila umeme, na ngoma na besi zikafifia. Usimlaumu mpigaji.

Gamelan za Java, yaani seti za magongo na vyombo vya chuma vya Indonesia, zina uzi wake humu jukwaani. Ila ujue kila seti ina tuni yake, chombo cha seti hii hakikai kwenye ile, na gongo kubwa ndilo linalofunga mzunguko.

Ukikwama rudi hapa, lakini usiandike "sielewi muziki wa Kihindi". Taja rekodi, dakika na sekunde, na useme ulikuwa unafuata chombo gani, tutakujibu.