Breki ya mtutu kwenye .300 Winchester Magnum: niliyoyapitia mimi

Mwenzetu ameuliza kama afunge breki, yaani kipande cha chuma chenye matundu cha kupunguza teke, kwenye mdomo wa mtutu wa bunduki yake ya .300 Winchester Magnum. Anasema teke, yaani bunduki kumrudi begani kila anapofyatua, limemchosha na sasa anafumba macho kabla risasi haijatoka. Ninayo bunduki kama hiyo, na breki nimefunga mara mbili. Ya kwanza ilinitia hasara, ya pili naitumia mpaka leo.

Risasi ya bunduki hiyo ina gramu 11 na ushee, na baruti inayoisukuma ni kama gramu 4 na nusu. Baruti ikiwaka inageuka gesi, na gesi hiyo inachomoka mdomoni kwa kasi kuliko risasi yenyewe. Sehemu nzuri ya teke linalokupiga begani inatokana nayo. Breki ina matundu ubavuni: gesi ikigonga kuta zake inaivuta bunduki mbele, kisha inatawanyika pembeni. Kwa .300, breki nzuri inapunguza teke kwa theluthi moja hadi nusu. Kwa .223, ambayo ni risasi ndogo, usijisumbue kwa ajili ya bega, maana hapo hapakuwa na teke la kulia nalo.

Kilichonifurahisha zaidi ni darubini ya kulengea. Zamani nikifyatua ilikuwa inaruka, nikirudi kutazama shabaha mambo yamekwisha. Nilipofunga breki niliiona risasi ikitua kwa jicho langu mwenyewe.

Sasa hasara yangu. Fundi wa kwanza aliufunga mtutu kwenye mashine ya kukereza akapima kwa kufuata ngozi ya nje. Tundu la ndani si lazima liwe katikati kabisa ya mtutu, kwa hiyo nyuzi za kuskrubia breki zilitoka zimeegemea upande. Risasi nne za kwanza zilitawanyika ovyo, nikajilaumu mimi. Ya tano ilitoboa karatasi kwa ubavu, tundu refu kama la ufunguo. Nikaacha hapo hapo, nikatoa bolti, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, nikamulika breki kwa tochi. Kwenye ukingo wa tundu la mbele palikuwa na mstari mwekundu wa shaba: risasi ilikuwa inakwangua breki kila inapopita. Ningeendelea, breki ingeweza kung'oka na kuruka.

Fundi wa pili alikata sentimita 2 za mwisho za mtutu, akachonga nyuzi upya akifuata kipimo alichokiingiza ndani ya tundu lenyewe, akausawazisha vizuri ukingo ambapo risasi inaachana na mtutu. Risasi ya .300 ina kipenyo cha milimita 7.82, tundu la breki yangu ni 8.3 hivi. Nafasi hiyo ni ndogo, haimsamehe fundi mwenye haraka. Kabla hujapiga hata risasi moja, mwombe apitishe mbele yako fimbo nyoofu ndani ya mtutu hadi itokeze kwenye breki, uone nafasi iko sawa pande zote. Akikasirika kwa ombi hilo, chukua mtutu wako uondoke.

Lakini jambo ninalotaka mwenzetu alifikirie kuliko yote ni masikio. Bunduki ya namna hii inapita desibeli 160 karibu na mdomo, na 140 tayari ni kiwango cha kuumiza sikio kwa mlio mmoja. Breki inachukua mlio uliokuwa unakwenda mbele, inaurudisha kwako na kwa jirani yako. Kwa mpigaji huongezeka desibeli 5 hadi 10. Siku ya kwanza na breki ya pili, rafiki yangu alikuwa amelala mita mbili kulia kwangu, ameinua kifuniko cha sikio moja anisikie vizuri. Nikafyatua. Alikaa kitako ameshika sikio, vumbi usoni, na siku tatu nzima likawa linamlilia. Kosa ni langu, nilipaswa kugeuka nimtazame kwanza. Tangu hapo ni vizibo ndani na vifuniko juu, kwangu na kwa kila aliye karibu, na sifyatui mpaka nimeyaona masikio yao.

Na hapo ndipo penye swali la kufumba macho. Mara nyingi mtu hashtuki kwa teke peke yake, anashtushwa na kishindo. Ukipunguza teke ukaongeza kishindo, unaweza kubaki pale pale. Kwa hiyo mwenzetu aanze na kitako cha bunduki, kile kinachokaa begani: urefu wake unamfaa? Ule mpira wa nyuma bado ni laini au umekauka kama jiwe? Kisha mtu amchanganyie risasi za mazoezi zisizo na baruti bila yeye kujua. Akiipata moja na mdomo wa bunduki ukachovya chini ingawa hakuna teke wala kishindo, ugonjwa ameuona: anashtuka kabla ya mlio.

Akifunga breki, achague isiyo na matundu chini, la sivyo akilala kifudifudi atakula vumbi. Na airekebishe darubini upya kabisa, kwani uzito ule mdomoni unabadilisha mtikisiko wa mtutu. Mimi nikienda kuwinda naivua, nafunga kofia ya kulinda nyuzi. Bila breki, bunduki yangu inapiga sentimita 4 chini kwa mita 100, na nimeandika hivyo kwenye utepe niliobandika kitakoni.