Kujiandaa kwa huduma Nampula

Bwana Yesu asifiwe, mdogo wangu. Umeuliza ujiandae vipi kwa huduma ya mwezi mmoja Nampula, Msumbiji. Nimehudumu huko. Anza na lugha: Kireno ndicho cha serikali, lakini vijijini watu huomba na kuimba kwa Kimakua. Kiswahili utakikuta zaidi kaskazini, mkoani Cabo Delgado. Jifunze salamu mapema.

Ukifika, usikimbilie mimbari. Kaa na akina mama wa kanisa, twanga nao kisamvu cha matapa, mboga yao ya kisamvu na karanga, uwasikilize. Wao wamelibeba kanisa hilo miaka mingi kabla yako. Na tafadhali sana, usimwahidi mtoto yeyote ada wala ufadhili. Ahadi isiyotimia humwachia mchungaji wa pale aibu, nawe umeshaondoka. Chandarua usikose, malaria ipo.