Maswali ya Wasomaji: Kuhifadhi Gari Penye Hewa ya Bahari

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2006 nililolinunua mwaka 2013, na halijabadilishwa kitu isipokuwa matairi. Naambiwa magari ya aina hii yatakuja kutafutwa sana. Jirani amenishauri nilipandishe juu ya mawe, nilifunike kwa karatasi ya nailoni, na nisiliguse miaka 10. Je, ni sawa?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Jirani yako ana nia njema, ila nailoni hiyo ndiyo itakayolimaliza gari. Hewa ya Malindi ina unyevu na chumvi; ikinaswa chini ya nailoni usiku, asubuhi huwa matone yanayopenya kwenye maungo ya mabati, na kutu huanzia pasipoonekana, chini ya milango na kwenye mabomba ya breki. Lifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, tena ndani ya banda la mabati au vigae. Makuti ni baridi, lakini panya huyapenda, na panya mmoja akitafuna nyaya za kompyuta ya injini utaiona kutu kuwa jambo dogo.

Uvungu uoshe kwa maji ya bomba. Visima vyetu vingi vina chumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kulipaka kile kile unachokikimbia.

Wala usiliache miaka 10. Kila baada ya wiki mbili liendeshe mpaka injini ipate joto sawasawa. Kwenda mji jirani wa Gede na kurudi kunatosha. Kuliwasha dakika 5 uwani na kulizima ni vibaya kuliko kutoliwasha, kwa sababu maji yanayotokana na mwako hubaki ndani ya ekzosi na kwenye oili. Oili ya breki nayo hunyonya unyevu, kwa hiyo ibadilishwe kila miaka 2 hata kama gari halijatembea.

Kuhusu thamani, una hoja. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na waliokuwa watoto kando ya barabara zile leo ni watu wazima wenye mishahara. Isitoshe, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa magari ya mitumba yaliyozidi miaka 8, ya mwaka kama wako yaliyomo nchini yatazidi kupungua, hasa yale ambayo vijana hawajayafunga ekzosi za kelele. Usibadilishe chochote; ukilazimika, kifaa cha zamani kiweke stoo pamoja na risiti, ufunguo wa akiba na kijitabu cha Kijapani.

Ninachokihofia ni umeme wake. Peugeot 504, iliyoshinda Safari mwaka 1975 na 1978, fundi yeyote mwenye spana na subira huifufua, lakini gari lako likikosa sensa moja (kifaa kidogo kinachopima hali ya injini na kuiarifu kompyuta) halitoki bandani. Nunua sensa na kompyuta ya akiba sasa, kabla hazijaadimika.

Ukitafuta faida tu, liuze, kwa maana bima na matunzo ya miaka hiyo yote huenda yasirudi. Ukilipenda, anza na matairi: tazama tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni, kwa mfano 2319, yaani yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakiwa ya zamani hivyo, usilipeleke Gede kabla hujanunua mengine.