Usiwahishe penseli

Mwalimu uliyepangiwa darasa la awali huku kwetu Tandahimba, karibu. Utapokea watoto wa miaka mitano, wengine hawajawahi kushika penseli, na kabla mwezi haujaisha mzazi atakusimamisha njiani: "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu jeupe?" Mwaka wangu wa kwanza swali hilo lilinitisha, nikawagawia penseli wote na kuwaandikisha a, e, i, o, u siku hiyohiyo. Walizishika kama mchi. Kufikia Ijumaa karatasi zimetoboka na wawili hawataki tena kuja shule.

Walichokosa ni nguvu ya vidole, na huku dawa yake ipo kila nyumba: kumenya mbaazi, kupukuchua mahindi, kufinyanga udongo. Mbaazi zihesabu unapozitoa na unapozikusanya, maana pua za watoto hazishibi. Korosho zenye maganda ziache, hata msimu zikiwa zimejaa kila kona. Mafuta ya ganda lake yanababua ngozi.

Halafu watoe nje, waandike kwa kidole mchangani: mstari wa kusimama, wa kulala, msalaba, duara. Hapo kwenye duara kaa sana. Wengi huanzia chini na kuzungusha watakavyo. Wazoeze kuanzia juu na kwenda kushoto, kama unavyoanza c, kwa sababu a, d, g na o zote zinaanza hivyo. Aliyekosea duara utamsahihisha herufi nne badala ya moja. Akigeuza b ikawa d, usimchape wala usimcheke. Umri huo ni kawaida, mwonyeshe tena.

Penseli ikifika zamu yake, ikate vipande viwili au vitatu. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe, na mzazi ananunua moja badala ya tatu.

Mashoto mwache na mkono wake. Mimi niliwahi kumlazimisha mmoja abadilishe, akagoma kuandika muhula mzima. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto asigongane kiwiko na mwenzake, na kichwa cha karatasi kiinamie kulia kidogo.

Na yule mzazi wa daftari jeupe, usibishane naye. Mtoe nje, mwanawe amchoree duara mchangani, kisha muulize kama nyumbani zimebaki mbaazi za kumenya.